Paa Nililopigilia Mwenyewe

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, nami nimetandaza mabeseni na masufuria kila mahali palipovuja, na katikati ya mabeseni hayo akaingia shemeji yangu Bakari, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Alikuwa anatabasamu.

Wakati ule nilikuwa mwanamke kijana, mjane mwenye watoto wawili wadogo, nauza mawese hapa soko la Rumonge, kando ya ziwa. Nyumba ile tuliijenga pamoja, mimi na mume wangu. Matofali tuliyafyatua na kuyachoma wenyewe. Homa ikamchukua kabla hatujaiezeka. Juu tulikuwa tumeweka majani ya michikichi na turubai, ya kujishikiza tu, na ya kujishikiza yakakaa msimu baada ya msimu.

"Mama Asha," akasema Bakari, "hii iko kama chujio, si nyumba. Nitakuletea mabati. Yapo kwangu, yalibaki nilipojenga duka. Fundi nitalipa mimi. Wewe kaa tu."

Nilimshukuru sana. Majirani waliposikia wakaniambia nina bahati, maana wajane wengine hata wa kuwapa kipande cha sabuni hawana.

Jioni ile akaja shangazi yangu Mwajuma, dada wa baba, aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kule Gitaza na kuziuza barabarani. Nikampa habari yangu njema kabla hajakaa. Hakufurahi. Aliweka kikapu chini.

"Tangu bwana wako azikwe, Bakari alikuja hapa mara ngapi?"

Nikamwambia sikumbuki akija.

"Na leo anakupenda hivi?" Akavua kanga ya kichwani, akaikung'uta maji. "Akiweka yeye paa, mwaka kesho atasema nyumba iko yake. Atakuja na mpangaji, atakuambia sogea pembeni na watoto. Na wewe utajibu nini? Alikuambia ukae tu, na ulikaa. Mi sikukulea hivyo, mutoto wangu. Uko na mikono, unauza mawese. Funga mudomo, nunua bati yako."

Maneno yale yalinichoma. Nilimkasirikia, nakwambia kweli. Nilimwona mwanamke mwenye roho mbaya, asiyetaka nipate afueni. Lakini asubuhi miguu yangu ikanipeleka nyuma ya duka la Bakari kuyaangalia hayo mabati.

Yalikuwa yameegemezwa ukutani, nyasi zimeota katikati yake. Nikashika moja kwenye kona, nikalinyanyua kwa mkono mmoja, likajikunja lenyewe kama kitambaa. Nikaliinua juu kuelekea jua, nikaona matundu ya misumari ya zamani.

Bakari akatoka. "Hayo matundu tutaziba na lami," akasema.

"Murakoze, asante shemeji," nikamjibu. "Nyumba yangu nitaiezeka mwenyewe."

Tabasamu likamtoka usoni. "Wewe? Kwa mabati gani?"

"Nitakayonunua."

Akacheka, akaingia ndani. Mimi nikarudi nyumbani, nimesema jambo ambalo sikujua nitalifanyaje.

Basi nikaanza kuuliza. Sikuwauliza wauzaji. Niliwauliza watu ambao paa zao zilikuwa zimekaa miaka mingi bila kung'oka. Kule Kigwena, ndani kabisa kwenye michikichi, kulikuwa na mzee ambaye bati lake lilikuwa limeingia weusi kwa umri lakini halina kutu hata tundu. Nilipokwenda kununua mawese nikapita kwake. Akanifundisha kulibonyeza bati kwa kidole gumba, juu ya wimbi lake, ule mgongo unaoinuka. Likibonyea na kubaki limebonyea, niliache dukani. Akanionyesha jinsi mbao zake zilivyofungwa ukutani kwa waya mnene. Upepo wa ziwani, akasema, hauanzi na bati. Unaingia chini ya ukingo, unainua paa zima na mbao zake.

Nikaenda dukani. Muuzaji akanitolea mabati yanayong'aa, mepesi, akaniambia ndiyo yanayopendwa. Nikabonyeza. Nikayarudisha. Nikabonyeza mengine, nikayarudisha. Akachoka nami.

"Mama, bwana yako yuko wapi aje achague?"

"Yuko kaburini. Nitolee yale ya chini."

Yale ya chini ndiyo yalikuwa mazito. Nikayanunua kidogo kidogo, kila mawese yalipouzika vizuri, nikayalaza ndani karibu na kitanda changu. Asha, binti yangu mkubwa, alikuwa akiyagonga kwa kijiko na kuimba. Watu walinicheka. Walisema nimekataa paa la bure ili nilale na mabati chini ya mvua.

Yalipotimia nikamwita Fundi Sadiki, fundi wa paa aliyejulikana mtaani kwetu. Siku ya kwanza tu tukagombana. Alitaka paa lilale, mbao zipungue na kazi iende haraka. Nikamwambia hapana. Mvua ya huku, mwanangu, wewe mwenyewe unaijua: haidondoki wima, inakuja imelalia upepo kutoka ziwani, na paa lililolala linayaacha maji yarudi nyuma na kupenya kwenye maungio. Nikamwambia asimamishe paa, mteremko uwe mkali, na kama mbao hazitoshi nitatafuta nyingine. Nikamwambia pia aanze kupanga mabati upande wa mlima, aje kuelekea ziwani, ili kila bati jipya lilalie lililotangulia na upepo usipate mdomo wa kuingilia. Alinung'unika, lakini alifanya, na alifanya vizuri. Upande unaotazama Kigwena ukaisha.

Kisha hakuja tena. Nikangoja. Mawingu yakaanza kukusanyika juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na upande wa pili wa nyumba yangu ulikuwa mbao tupu.

Nikaenda kwake. Alikuwa amekaa mlangoni, hakuniangalia usoni.

"Mama Asha, Bakari ndiye ananipa kazi nyingi hapa. Amesema nikipanda tena kwako, kwake nisikanyage. Niko na watoto."

Nilitaka kumtukana. Badala yake nikamwambia, "Basi nipe nyundo yako."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Akaingia ndani, akaniletea nyundo na mfuko wa misumari iliyobaki. "Gonga juu ya wimbi," akasema kwa sauti ya chini, "usigonge bondeni. Maji yanapita bondeni. Raba ya msumari ikishakaa vizuri, acha. Ukizidisha itapasuka."

Mwanangu, huku kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Wazee wa Kirundi walihesabu kuwa ni mwiko, na sisi wa mtaa wa Waswahili tulihesabu kuwa ni aibu. Nililijua hilo vizuri nilipovaa suruali ya marehemu mume wangu, nikafunga kitenge juu yake, nikakaza kiunoni. Shangazi Mwajuma akashika ngazi. Wenzangu wawili wa sokoni, wauza mawese kama mimi, wakasimama chini kunipokeza mabati.

Habari ilimfikia Bakari kabla sijamaliza bati la pili. Hakuja moja kwa moja. Alizunguka kwanza, duka hadi duka, mpaka kwenye mwalo wa mitumbwi, akiwaita watu: njooni muone mke wa ndugu yangu alivyopata wazimu. Wakaja. Wakajaa barabarani, wanaume, wanawake, watoto wa shule, wavuvi na nyavu zao mabegani.

"Shuka!" akapiga kelele. "Unatuvua nguo mbele ya watu!"

"Nimevaa suruali, shemeji."

Watu wakacheka, na hilo likamuudhi zaidi.

"Hiyo nyumba ni ya ndugu yangu!"

"Ndiyo sababu naiezeka. Watoto wake wanalala humu."

"Nasema shuka, mwanamke!"

Nikachukua msumari, nikauweka juu ya wimbi, nikagonga. Usidhani sikuogopa. Bati lilikuwa limepata jua, linaunguza viganja. Nikajigonga kidole gumba mpaka damu ikaingia chini ya ukucha. Machozi yalinijia, nikayazuia, kwa kuwa yeye alikuwa ananiangalia. Nikagonga mwingine. Na mwingine. Kila alipofungua mdomo, nikagonga, na bati lina sauti kubwa kuliko mtu yeyote. Mwisho akanyamaza. Watu wengine wakaondoka, wengine wakabaki, na mvuvi mmoja nisiyemjua akaweka nyavu zake chini, akasaidia kuinua mabati ya mwisho.

Mvua ilikuja haikuchelewa. Ilipiga kwa nguvu hata Asha akalia kwa kelele zake, hajazoea bati, na nilipomwambia asiogope hakunisikia. Hatukusikiana kabisa. Mimi nikacheka peke yangu katikati ya ule mshindo kama mwenda wazimu kweli. Palivuja mahali pamoja tu, ambapo kwa haraka nilikuwa nimepiga msumari bondeni. Kulipokucha na jua likawaka nikapanda, nikaung'oa, nikaziba tundu kwa lami na kiraka, nikapiga mwingine juu ya wimbi. Safari hii sikuona aibu hata kidogo.

Baada ya masika Bakari akarudi. Hakutabasamu. Alikuwa na mwanamume mwenye godoro kichwani.

"Chumba cha mbele nimempa huyu," akasema. "Nyumba ya ndugu yangu nimeiezeka, sasa inabidi izae kitu."

Nikasimama mlangoni, nikatia mikono pande zote mbili za fremu. Sikupiga kelele. Nikamwambia mwenye godoro, "Kaka, amahoro, amani kwako. Hujanikosea, lakini humu huingii." Yule mtu akatuangalia mmoja mmoja, akageuza godoro lake akaondoka. Bakari akaapa ataniita mbele ya wazee wa mtaa, bashingantahe. Nikamwambia nitatangulia kufika.

Siku ya shauri akasema mbele ya wazee, bila kupepesa macho, kwamba yeye ndiye aliyetuma fundi na kusimamia paa. Mzee mmoja akaniuliza nina shahidi gani. Kabla sijajibu, kelele zikaanzia nyuma, kwa wavuvi.

"Shahidi wa nini? Si Bakari mwenyewe alituita tuje kumuona mwanamke juu ya bati?"

"Mimi nilikuwa nanyoa kichwa, nikatoka na nusu!" akasema mwingine.

Kicheko kikavuma. Kila mtu pale alikuwa ameniona, kwa kuwa yeye alikuwa amewaita. Hata Fundi Sadiki akasimama, akasema wazi ni nani aliyemkataza kazi ile. Najua ilimgharimu. Wazee wakaamua nyumba ni ya watoto na mama yao, na Bakari asivuke kizingiti chake bila kukaribishwa.

Hakunisalimia kwa miaka. Alipokuja kuugua uzeeni nikampelekea uji kila asubuhi, maana ni ndugu wa mume wangu na damu ya watoto wangu. Uji nilimpa. Chumba sikumpa.

Sasa wewe unajenga, mwanangu, na pwani yetu hii ya ziwa, kuanzia Gitaza hadi Kabonga, imejaa mabati ya kila rangi. Muuzaji atakusifia rangi. Mwache asifie, wewe bonyeza kwa kidole. Mwambie fundi asimamishe paa, na asikudanganye kwamba waya wa kufungia mbao ni hasara. Ukingo usiutoe nje sana, upepo ukapata pa kushika. Shika nyundo walau siku moja, hata kama umelipa watu kumi, ujue kilichoko juu ya kichwa chako. Na akija mtu na zawadi kubwa, akakutaka ukae kimya huku yeye akikufanyia kila kitu, muulize anataka nini, muulize mapema, na jibu lisipokuridhisha mkatalie kwa adabu na usirudi nyuma. Watakucheka. Watakuita mkaidi, au mwenye wazimu, na mwanamke humwita majina mengine ambayo sitayataja hapa. Waache waseme, endelea na kazi, na uifanye mchana, mbele ya macho yao wote.

Mungu azisimamishe kuta zako, akuteremshie mvua ya heri, akupe moyo usiotishika kwa kelele za watu. Wanao walale pakavu, na wana wa wanao. Amina.