Mtu wa Analizi

Kolwezi, mji wetu wa migodi hapa Kongo, neno analizi halihitaji maelezo. Unafika depo na mifuko yako ya mawe, mtu wa mnunuzi anagusisha kimashine chake kwenye jiwe, na kimashine kinasema ndani kuna shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Hiyo ndiyo analizi. Wachimbaji wote wanaamini kwamba kimashine kinasema kile mwenye nacho anachotaka kusikia, nami naamini hivyo hivyo, tena kwa moyo wote. Anayekishika anaitwa mtu wa analizi. Simjui mtu anayechukiwa kumzidi huyo mji mzima. Hata bia haendi kunywa peke yake.

Mimi nilikuwa namaliza mwaka wa pili wa hisabati chuo kikuu, msichana peke yangu katika darasa letu. Kwa mwaka wa tatu tulitakiwa kuchagua njia: Statistiki, yaani takwimu, au Analizi, tawi la hisabati lenye jina lilelile la depo. Ukishasaini, umesaini, hakuna kurudi nyuma. Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, alikuwa ameshanichagulia. Tangu baba alipofukiwa shimoni, yeye ndiye aliyenisomesha, kwa mikono yake, akichimba pembeni mwa mashimo ya mgodi wa Mashamba. Alitaka Statistiki, kwa sababu aliwaona watu wa takwimu wakishuka kwenye magari ya kampuni na viatu visivyo na vumbi.

Mimi nilitaka Analizi, na nitasema kwa nini. Nina hasira za karibu. Nyumbani, kanisani, barabarani, hasira hizo zimeniletea balaa tupu. Kwenye analizi zilipata kazi. Profesa anaandika ubaoni kwamba kitu fulani kinakaribia sifuri, nawe una haki ya kusimama na kusema sikubali, onesha. Lazima aoneshe mbele ya darasa zima, au afute. Mahali pengine popote Kolwezi, nitajieni mkubwa anayefuta.

Siku moja kabla ya kusaini nilikwenda depo kumwambia yaya uso kwa uso. Nilimkuta na kundi lake. Mifuko yao ilikuwa imemwagwa chini na kimashine kinapita juu ya mawe. Simu yangu ikalia, mwenzangu wa darasani ananiuliza nimechagua nini. Malori yalikuwa yakinguruma barabarani, nikapaza sauti ili anisikie.

"Analizi! Mi ni mutu ya analizi, kwisha!"

Wakati huohuo mtu wa mnunuzi alikuwa amesoma namba, na namba ilikuwa ya kutukana. Mawe yaliyokuwa ya kijani kwa shaba mbele ya macho ya kila mtu, eti hayana kitu. Wachimbaji wa makundi yote wakageuka. Kwanza walimtazama yeye, aliyekuwa nyuma ya wavu na askari wawili wenye bunduki. Halafu wakanitazama mimi, niliyekuwa huku nje nimevaa shati jeupe la chuo.

"Uyu naye ni wa analizi! Banaleta mupya!"

"Mwizi! Mumukamate!"

Nilicheka. Kweli nilicheka, nikidhani wananitania. Mkono wa kwanza ulinishika nywele, nikaanguka kifudifudi juu ya mawe yao. Mpini wa chepe ukatua mgongoni, kisha begani, kisha mtu akanipiga teke la mdomo na nikasikia jino likivunjika kabla sijasikia maumivu. Nilipiga kelele, "Hesabu! Ni hesabu tu!" Hapo nikazidi kujiharibia, maana hesabu ndiyo iliyokuwa imetoka kuwanyang'anya jasho lao. Mama mmoja muuza bukari, ugali wetu, alinimwagia maji ya kuoshea sahani, akanitemea mate.

Niliona mtaimbo ukiinuliwa. Nilijua kichwa changu kiko wapi na mtaimbo utatua wapi. Haukutua. Yaya alikuwa amepasua njia kati ya watu, na alimpiga mwenye mtaimbo usoni kwa nyundo yake ya kuvunjia mawe. Mtu yule alikuwa wa kundi lake mwenyewe, waliyekula naye sahani moja miaka nenda miaka rudi. Hakujua kwamba mimi ni dada wa yaya. Taya lake lilivunjika kwa mlio wa ukuni mkavu, na yaya akampiga tena akiwa ameshaanguka. Askari wakafyatua risasi hewani, watu wakatawanyika, na yaya akanikokota kwa mkono hadi barabarani huku akimtukana kila tuliyepishana naye.

Jioni mama alinikanda uso kwa maji ya chumvi. Yaya alikaa mkabala nami, mkono wake umevimba.

"Kesho unaenda kusema Statistiki," akaniambia.

"Yaya, analizi ya chuo haigusake majiwe. Ni jina tu inafanana."

"Inafanyaka nini?"

Nilitaka kumjibu ukweli mtupu. Somo la kwanza katika njia ile linaitwa Nadharia ya Vipimo, nami nikamwambia hivyo. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

"Bipimo!" Alipiga meza, vikombe vikaruka. "Inapimaka! Na unasema haiko ileile?"

Mama alicheka, kisha akalia. Nilimweleza yaya polepole, kwa mdomo uliopasuka, mpaka akaelewa. Nasisitiza kwamba alielewa, kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani kaka yangu ni mjinga. Alielewa vizuri kabisa, na bado akakataa.

"Mi nimesikia. Batu ya kule habatasikia. Utabafundisha bote, mumoja mumoja, na ile mudomo?"

Nikasema ndiyo. Nilimchukia vibaya sana saa ile, yeye aliyetoka kuniokoa.

Asubuhi alinifuata hadi chuoni na kuingia nami ofisini kwa profesa bila kukaribishwa. Profesa aliutazama uso wangu, kisha akaniuliza nimechagua njia gani.

"Statistiki, tata profesa," akajibu yaya, akimwita baba kwa heshima.

"Analizi," nikasema mimi.

Neno lilitoka vibaya kwa sababu ya uvimbe. Profesa akaniomba nirudie, nikarudia. Hapo yaya akanipiga kofi, la kwanza tangu nizaliwe, upande uleule wa jino. Damu ikanijaa mdomoni. Profesa alisimama hadi kiti chake kikaanguka. Nikameza, nikasema tena: Analizi.

Nilisubiri la pili. Mkono wake ulikuwa juu, nami nilimnyooshea uso ili nisimpe raha ya kuniona najikinga. Halikuja. Aliushusha mkono, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia, hata siku ya kumzika baba.

"Yule wa jana alikuwa rafiki yangu," akasema. "Nilimuvunja uso, na sijutie. Lakini siku bakikuua na mi siko pale, nitapiga nani?"

Nikachukua kalamu, nikasaini Analizi.