Namba Nne na Baba Mkwe

Jumamosi ile nilipimwa kwenye kibaraza changu mwenyewe, hapa Shangani, kama mbuzi anayetafutiwa mnunuzi, na chai waliyokunywa wapimaji ilikuwa yangu. Kinyozi, kocha wa timu yetu ya maveterani, alitaka nicheze namba nne, beki wa kati. Nahodha, mpakiaji wa korosho bandarini, alitaka nihamie namba tatu, pembeni kushoto.

"Akikosea pembeni, hasara ni ndogo," alisema nahodha.

"Pembeni kunataka mtu wa safari, apande, ashuke," alijibu kinyozi. "Huyu hata sokoni anatuma watu! Mweke katikati, pale habanduki."

Alisema kweli. Nikishavuka geti langu tu, naanza kulikumbuka.

Nikapewa namba nne, kwa sharti la nahodha: bao likiingia kwa uzembe wangu, jezi naivua, nabaki mbeba maji. Nilicheka kwa mdomo tu. Jezi ile ndiyo kitu pekee kinachonitoa nyumbani, na naipenda kuliko ninavyokubali.

Kesho yake tukaenda kucheza Nanyamba, ukweni kwangu. Kumtazama mshambuliaji wao wa kati, kumbe baba mkwe! Kaptula imepita magoti, kofia yake ya kushonwa kwa mkono hajaivua. Karibu kipindi kizima alisimama tu. Halafu mpira ukamfikia, na mbele yake nilikuwa mimi peke yangu.

Ningefanya nini? Nikainama, mikono nimeikutanisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

Akanipita taratibu, kama mtu anayeingia chumbani kwake, akafunga.

"Mbona hukumuulizia na mikorosho yake?" nahodha alipiga kelele.

Wakati wa mapumziko akaidai jezi. Kinyozi akamkumbusha kwamba mchezaji wa akiba hatuna, akanisogeza namba tatu. Huko nikakutana na shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye tumetaniana tangu siku ya posa. Huyo sikumwamkia.

"Shemeji, utanivunja!"

"Dada yako nitamwambia ulijikwaa."

Hakupita hata mara moja. Mpira mmoja niliomnyang'anya nilimpelekea nahodha, naye akasawazisha. Tukatoka moja moja.

Tulipokuwa tunapanda gari, baba mkwe akaja na jogoo. "Huyu ni wa beki," akasema. "Wenzake hata salamu hawana."

Njiani, jogoo akiwa miguuni pangu, mjadala ukaanza upya.

"Nilisema mimi, namba tatu," alisema nahodha.

"Namba tatu kwa Nanyamba tu," alijibu kinyozi. "Kwingine nne. Tukipata mechi, kwanza tuulize kama huyu kaoa huko."

Nahodha alijikaza asicheke, akashindwa. "Haya, jezi abaki nayo. Ila maji atabeba pia."

Nikakubali haraka, asije akabadili mawazo.

Nyumbani mke wangu alimpokea jogoo, akamgeuza kumpima unono, kisha akaniuliza kama nilimwamkia baba yake.

"Nilimwamkia. Akaitikia, halafu akatufunga."

"Si aliitikia? Sasa unalalamika nini?"

Nikafua jezi, nikaianika.