Osmo na Kompyuta Iliyochoka

Osmo Kinnunen, mchomelea vyuma wa mjini Varkaus, alikuwa na miaka sitini na mmoja, na kompyuta yake ilikuwa na kumi na mmoja. Ilinguruma kama jokofu bovu na kutoa joto jingi, hata mkewe Raili alikuwa akianika uyoga juu yake kila Septemba. Uyoga ulikauka vizuri. Raili hakuwa na lalamiko.

Kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni, akishatoka sauna, kile chumba cha kuoga mvuke, Osmo alikaa na taulo lake, akavaa vipokea sauti na kucheza mchezo wa rali. Yeye alishika usukani. Aliyemsomea njia, yaani kumtajia kona kabla hajazifikia, ni kaka yake Taisto, kwa mtandao, akiwa kwake Suomussalmi, mwendo wa saa nne kwa gari. "Kushoto kali," Taisto alisema. "Kilima. Usikate kona." Basi, hayo tu. Ndugu hawa hawakuwa wamepigiana simu tangu wamzike baba yao miaka mitano nyuma, walipokosana juu ya injini ya mashua ya marehemu, injini ambayo, tusidanganyane, haikuwaka hata marehemu alipokuwa hai. Lakini Osmo akishaisikia ile "kushoto kali," roho yake ilitulia wiki nzima.

Oktoba hiyo wenye mchezo wakatangaza kwamba kuanzia tarehe mosi Novemba toleo la zamani halitapatikana tena mtandaoni, na toleo jipya linataka mashine yenye nguvu. Osmo akaenda dukani na karatasi aliyoandikia vipande vya kompyuta yake. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani, aliisoma taratibu.

"Utahitaji kadi mpya ya picha," alisema. "Kadi hiyo haiingii kwenye ubao huu unaobeba vipande vyote, kwa hiyo na ubao ubadilishwe. Ubao mpya nao haukubali memori hii."

"Kinabaki nini?"

Mama akaipitia karatasi tena. "Kasha."

"Kasha ni zima," Osmo alisema.

Jumla ilikuwa yuro elfu moja na mia tatu. Mama akamwonea huruma. "Toleo la zamani bado linachezeka bila mtandao, mzee. Unaunganisha kompyuta mbili kwa waya. Ila ziwe chumba kimoja."

"Haiwezekani," Osmo alisema, akaenda nyumbani akanywa vikombe vinne vya kahawa.

"Elfu moja na mia tatu ili usomewe kona," Raili alisema.

"Ndiyo."

"Na Taisto je? Si mlinunua siku moja, duka moja?"

Hilo Osmo hakuwa amelifikiria. Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, katikati ya mbio, akauliza jambo ambalo si kona. "Utanunua mpya?"

Kona iliyofuata haikusomwa, na Osmo akagonga mti.

"Pensheni hairuhusu," Taisto alisema. "Rudi nyuma. Kulia, ndefu."

Osmo akarudi nyuma. Angeweza kununua, lakini angebaki na mashine nzuri isiyo na mtu wa kumsomea njia. Ilimuuma kweli, akalala bila kula.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, aliibeba kompyuta, akaiketisha kiti cha mbele cha gari na kuifunga mkanda.

"Unakwenda wapi na kikaushio changu?" Raili aliuliza.

"Suomussalmi."

Raili akaingia ndani, akarudi na mfuko wa uyoga. "Mpelekee."

Taisto alifungua mlango. Akamtazama mdogo wake, kisha kile alichobeba. "Nzito?"

"Nzito."

Taisto akashika upande mmoja. Walizipanga mashine mezani, wakaziunganisha kwa waya, wakakaa bega kwa bega, kila mmoja akavaa vipokea sauti vyake. Osmo alimsikia kaka yake mara mbili, kwanza kutoka mdomoni, kisha masikioni. Hakuna aliyevivua.

"Kushoto kali," Taisto alisema, na Osmo akakata kushoto. "Kilima. Ile injini iko bandani, ichukue ukiondoka."

"Haiwaki."

"Najua." Taisto alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. "Basi iache. Jumamosi ijayo njoo na spana tuifungue, mdogo wangu. Kulia kali."

Osmo akagonga mti.