Elida wa Bangwe amtafutia mbwa wake kazi

Saa mbili na nusu asubuhi, mchanga wa ufukwe wa Bangwe umeshaanza kuchoma nyayo. Elida Wilondja anageuza dagaa kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anapunga kipande cha kanga kuwafukuza kunguru. Akifika mwisho wa chanja ananyanyua mguu juu, kama mtu anayevuka kitu kilicholala njiani, kisha anaushusha taratibu. Hapo chini hakuna kitu.

"Umeniona?" anasema, akijicheka. "Leo siku ya saba hayupo, na huu mguu bado unamruka."

Aliyekuwa akilala hapo ni Injini, mbwa dume wa miezi kumi, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na la pili limekunjika. Wiki iliyopita aliondoka ufukweni kwenda kijiji cha Simbo, kwa mkulima aliyekubali kumjaribu kwa siku saba. Jioni ya leo siku hizo zinakwisha. Akifaulu, atabaki huko. Akishindwa, Elida hajui atampeleka wapi, maana hapa Bangwe wenzake wameshasema hawataki kumwona tena.

Elida ana umri wa miaka 47, na 19 kati ya hiyo ameitumia kuanika dagaa. Baba yake alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo akiwa na mke na watoto wawili, na Elida alizaliwa upande huu. Mumewe alifariki. Watoto watatu amewalea kwa kazi hii: mitumbwi ikirudi asubuhi ananunua ndoo tatu au nne, anaosha, anaanika, anageuza, na siku nzima jicho moja liko juu mawinguni.

"Siku ya jua nabaki na elfu kumi na mbili," anasema. "Mvua ikininyeshea, nabaki na harufu."

Wenzake wengi huanika chini, juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani. Elida ana chanja nne za waya zilizosimama kwenye miti, kimo cha kiuno. Alizijenga moja moja, kwa muda wa miaka sita. Tofauti hiyo ya juu na chini ndiyo iliyokuja kumponza Injini.

Mei mwaka jana, vijana walikuwa wakipasua mtumbwi mbovu ili wapate kuni. Ndani, upande wa mbele, walikuta watoto wanne wa mbwa. Watatu walikuwa wameshakufa. Mama yao hakuonekana tena.

"Wakaniambia, mama, huyu naye anakufa, mtupe. Nikawaambia mtupeni nyinyi, mimi mkono wangu hauwezi," anakumbuka. "Watu wanadhani nilimpenda pale pale. Wapi! Nilikasirika tu. Nilikasirika kwamba kitu kinapumua na watu wanatafuta pa kukitupa."

Alimlisha mchuzi wa dagaa na ugali mwepesi kwa kidole. Baada ya wiki mbili mbwa alisimama, na tangu hapo hakukaa tena. Wavuvi ndio waliomwita Injini, kwa sababu akishawaka hazimiki. Elida naye wakamwita Mama Injini, na hadi leo wapo wasiojua jina lake jingine.

Kazi hakufundishwa na mtu. Alilala kwenye kivuli cha chanja, kunguru akatua, Elida akapiga kelele, mbwa akaruka. Siku ya pili kelele hazikuhitajika. "Alipofika miezi sita, sikupoteza tena hata kichwa cha dagaa," anasema Elida, na hapo sauti yake ina majivuno ya mama aliyeitwa shuleni kusifiwa mtoto.

Tabu ni kwamba kunguru hawasomi mipaka. Wakifukuzwa kwa Elida, wanatua kwa jirani, na Injini anawafuata huko huko, katikati ya wavu, miguu yote minne juu ya chakula cha watu.

Januari mwaka huu yakatokea ya kutokea. Asumani, mnunuzi kutoka Ujiji anayeheshimika kwa kulipa papo hapo, alichuchumaa kukagua dagaa wa Happiness, mwenyekiti wa kikundi cha waanikaji. Akaona nyayo za mbwa. Akaokota dagaa mmoja, akamtafuna, meno yakakutana na mchanga, akatema. Gunia zima akalikataa.

"Mimi ni Mwislamu. Mate ya mbwa kwenye chakula sichezi nayo," Asumani anamweleza mwandishi, bila hasira. "Na wateja wangu je? Ningewauzia huku najua?"

Happiness naye hajasahau. "Mimi ni mwenyekiti, ndiyo, lakini siku ile nilikuwa mtu mwenye hasara. Elida ni mwenzangu, tumezikana na kuuguzana. Ningekuwa na chanja kama zake ningemvumilia mbwa wake. Sina."

Kikundi kilikaa, kikampa Elida wiki mbili. Asipomwondoa yeye, watamwondoa wao. Hakuna aliyeuliza kwa njia gani. Ufukweni kila mtu anajua kipande cha nyama chenye sumu kinavyofanya kazi.

"Nililia mbele yao," anasema Elida. "Sikuona aibu. Wala sikuwalaumu, maana chakula cha watoto wao ndicho kilichokanyagwa."

Wa kwanza kumchukua Injini alikuwa Bonifasi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Rusimbi, aliyehitaji mlinzi. Alinunua mnyororo mpya. Siku ya kwanza mbwa alilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani. Siku ya pili alizunguka nguzo hadi akajifunga mwenyewe. Siku ya tatu, saa sita mchana, alitokea Bangwe akiburuta mnyororo na kipande cha mbao, shingo imechubuka.

"Bonifasi si mtu mbaya, jamani. Alimpa nyama, ambayo mimi sijawahi kumpa," anasema Elida. "Lakini alimpa na mita mbili za mnyororo. Injini na mita mbili wapi na wapi?"

Hapo zilikuwa zimebaki siku tano. Na aliyekuja kuokoa jahazi, amini usiamini, ni Asumani mwenyewe. Asumani hufuata mawese Simbo, na huko anamfahamu Oswald, mkulima wa mahindi ambaye kila msimu ngedere humgeuza kibarua wao asiyelipwa: analima yeye, wanakula wao. Msimu uliopita walimla zaidi ya robo ya shamba.

Elida alimuuliza imekuwaje amsaidie mbwa aliyemkosesha gunia zima la dagaa. Asumani akamjibu, "Mama, mimi nilisema simtaki kwenye dagaa. Nilisema simtaki duniani?"

Oswald alikuja Bangwe na pikipiki, nyuma amefunga tenga tupu la nyanya la kumbebea mbwa, mkononi ana chupa ya lita moja ya mawese. Hakuja nayo kama zawadi. Kwao mbwa hapokelewi mikono mitupu. "Bibi yangu alikuwa akisema mbwa wa bure hurudi kwao," anaeleza. "Lazima kitoke kitu, hata kidogo, ndipo atulie."

Wakakubaliana hivi: Elida asiifungue chupa kwa siku saba. Mbwa akishindwa kazi, mbwa na chupa kila mmoja arudi kwake. Akifaulu, chupa ifunguliwe, na mbwa asidaiwe tena. Elida akamkabidhi kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, akaiweka chupa juu ya kabati la vyombo, akawaambia watoto atakayeigusa ataona.

Kisha akafanya kosa ambalo mwanika dagaa tu ndiye angelifanya. Aliogopa Injini atakataa chakula cha ugenini, akamfungashia nusu ndoo ya dagaa.

Njiani mvua ilinyesha. Dagaa walifika Simbo wameloa chapachapa. Recho, mke wa Oswald, mwanamke asiyependa kuona chakula kikiharibika, akatandika mkeka uani na kuwaanika.

Siku ya tatu, ndiyo kwanza kunapambazuka, simu ya Elida ikaita.

"Mwakeye, mama," ilisema sauti ya Oswald, salamu ya Kiha, lakini kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Mbwa wako hatufai."

"Amefanya nini?"

"Ngedere wamekula mistari minne ya mahindi, yeye hata kugeuka hakugeuka. Kazi yake ni kukimbiza kuku wa mke wangu. Kutwa nzima! Wako juu ya paa la jiko, hawashuki, hawatagi. Recho anasema leo aondoke."

Elida akakaa juu ya ndoo. Alikuwa na sekunde chache tu za kumtetea. Akamsikia Recho kwa mbali akigomba kwa Kiha. Ndipo akauliza swali moja.

"Baba, hapo uani kuna nini?"

"Kuna nini tena? Kuku, na jiko, na hizo dagaa zako Recho alizozianika."

Elida alicheka mpaka akakosa pumzi. Oswald akadhani simu imeharibika.

"Anueni dagaa!" akapiga kelele alipoweza. "Jamani, anueni dagaa! Huyo yuko kazini! Anadhani kuku wenu ni kunguru!"

Recho alianua dagaa, akawafungia ndani. Injini alizunguka ule mkeka mtupu mara mbili, akaunusa, akakaa chini. Kwa mujibu wa Recho, ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeachishwa kazi. Oswald akampigia mluzi, akatangulia shambani.

Tangu hapo simu haikuita tena. Elida hakujua kama ukimya huo ni wa heri au wa shari, na hakuthubutu kupiga yeye.

Saa tisa alasiri ya siku ya saba, akiwa amekwisha kuanua na kufunika kwa turubai, anaoga, anavaa kitenge kizuri, anachukua chupa yake ya mawese kabatini. Anaichukua kwa sababu hajui kama ataiacha Simbo au atarudi nayo. Njia nzima ameipakata kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Shamba la Oswald liko nyuma ya nyumba, mahindi yamempita mtu urefu na yameshabeba. Pembeni kuna michikichi, na baada ya michikichi, msitu mdogo ambao ndio kwao ngedere. Kuku wako chini, wanaparura kwa amani. Recho anatoka jikoni akifuta mikono.

"Shikamoo mama. Karibu. Mwenyewe yuko kazini," anasema, na anayemsema si mumewe.

Elida anaita mara moja tu. Mahindi yanatikisika kutoka mbali, mstari hadi mstari, kisha kitu cha rangi ya udongo kinachomoka na kumparamia kifuani. Kitenge kinajaa matope. Mbwa amenenepa kidogo. Shingo imepona, manyoya yameanza kuota pale mnyororo ulipochubua. Analia, analamba, anazunguka, anarudi. Elida naye analia, anamshika lile sikio lililokunjika, anamwambia kwa Kiswahili cha kwao, "Ni weye? Ni weye kweli?"

Amemletea dagaa wachache kwenye kifuko. Anakifungua, anamwekea kiganjani.

Ndipo kule kwenye michikichi tawi linavunjika.

Injini ananyanyua kichwa. Anamtazama Elida, anatazama michikichi, anamtazama Elida tena. Kisha anaondoka. Hakuonja hata mmoja. Mahindi yanafunguka na kujifunga, na dakika moja baadaye msitu mzima unapiga kelele za ngedere wanaotukanana wakikimbia.

Elida anabaki amenyoosha mkono, dagaa kiganjani.

"Kila siku hivyo," anasema Oswald kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. "Tangu siku ile hawajachukua hata hindi moja. Jioni analala kama gogo. Ukitaka kumchukua, mama, nitakuelewa, umemlea. Lakini usinichukulie."

Elida anarudisha dagaa kwenye kifuko, mmoja mmoja, anafuta macho kwa upindo wa kitenge.

"Ameniacha nimesimama hapa kama mgeni," anasema. "Mimi, niliyemlisha kwa kidole." Anacheka, anapenga kamasi. "Sawa. Ndicho nilichokuwa nikimtafutia."

Anasema ana mpango. Amezungumza na Happiness: kila mwezi wanakikundi watachangiana waya na miti ya kumjengea mmoja wao chanja, wakianza na Happiness mwenyewe, mpaka asibaki mtu anayeanika chini. Hesabu yao inawapa mwaka na nusu. Mchanga hautaingia kwenye dagaa wa mtu, na Asumani hatakataa gunia.

"Na mitumbwi mibovu haiishi Bangwe," anaongeza. "Siku wakipasua mwingine wakakuta kitu kinapumua, atakuwa na pa kupita, huko chini ya chanja. Hatahitaji kuhama."

Kisha anamgeukia Recho, anafungua kizibo cha chupa aliyoitunza wiki nzima bila kuifungua.

"Mwanangu, una sufuria? Bandika. Dagaa ninao."

Kule msituni, mbwa bado anabweka.