Nanasi Lililopitia kwa Mbuzi

Meno yangu yaliniaga moja moja, bila kugombana, na watoto wangu kwa upendo wao wakaanza kuniletea vitu vya kutafuna. Yule wa Mbeya alishuka na maepo mekundu, magumu, akayapanga mezani mbele ya baba yake asiye na jino, akapiga picha na simu, akaondoka. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Niliyanusa mpaka yakaoza.

Aliyenifikiria ni mkwe wangu, mke wa kitindamimba, tunaoishi nao kiwanja kimoja hapa Ngana. Anakata nanasi vipande vidogo kama punje za mahindi, anamwagia sukari, anakamulia ndimu, anafunika kwenye chungu cha Wakisi, kile cha mnada wa Matema. Vyungu vya siku hizi vinavuja, vya zamani ungeweza... lakini hayo tuyaache. Kufika asubuhi nanasi limetoa maji, limelegea, fizi zinalimudu.

Shida ni kwamba kwetu mkwe na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Kanisani tumeambiwa mila hiyo imekwisha. Imekwisha kanisani. Nyumbani nikikohoa tu, yule binti anaingia migombani na ndoo yake kichwani. Kwa hiyo bakuli hupitia mikononi mwa mke wangu, na mke wangu ni forodha kamili: kila kinachopita kwake hupungua.

Juzi forodha ilikwenda msibani Ngonga. Iliniachia wali, maharage na maagizo mengi, nanasi halikutajwa. Chungu kiko jikoni kwa mkwe, harufu inanifikia mimi, nimekaa nje na mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Nikamwambia mbuzi, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni:

“Wewe mbuzi, nasikia kuna nanasi humu. Mzee anaweza kufa na njaa, ila msijisumbue.”

Halafu jikoni: “Mbuzi, mwambie mzee sahani ya wali aliimaliza.”

“Mwambie wali ule ulikuwa na kiini.”

“Mbuzi, wali ule alipika mama. Nimfikishie akirudi?”

Ng'ombe wale tuliotoa mahari hawakwenda bure.

“Mbuzi,” nikasema kwa upole, “mwambie nanasi likingoja msiba uishe litachacha liwe pombe, na mimi ni mtu wa kanisa.”

Nikasikia anacheka, kisha mfuniko wa chungu. Nikageuza kigoda, nikatazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Kandambili zikaja, kitu kikawekwa chini, kandambili zikarudi mbio.

Nilipogeuka, mjumbe wetu alikuwa ameingiza mdomo wote bakulini. Nilipomsukuma, alikuwa ameniachia ndevu zake mbili tatu na maji kidogo. Nikakaa nikilitazama bakuli, na sijui uso wangu ulikuwaje, maana mwenye kuuona hakutakiwa kuuona.

“Mbuzi,” sauti ikatoka jikoni, “mwambie mzee chunguni limebaki.”

Nikaugeukia ukuta tena. Safari hii niliishika kamba ya mbuzi.