Mikono Iliyotetemeka Hadi Kagunga

Naitwa Mwajuma, wa Ujiji. Wengi mnanijua kwa jina la Jenereta, na aliyenibandika jina hilo yumo humu ndani. Leo atulie anisikilize.

Kabla ya ajali nilikuwa nauza dagaa na samaki wa migebuka sokoni Mwanga. Nilikuwa na mdomo. Mteja akishika dagaa wangu halafu akanuna, nilimsema mpaka ananunua. Mume wangu Idi ni mtu wa Kagunga, kwa hiyo boti ya kwenda kwao niliizoea. Nilipanda hata nikiwa na mimba kubwa, natafuna karanga.

Siku ya ajali tulikuwa tunarudi kutoka huko, mimi na mdogo wangu Zuhura. Mwanangu Shabani nilimwacha nyumbani Ujiji na baba yake. Boti ilijaa watu, mbuzi na magunia ya mihogo. Upepo ulipoingiza maji, watu wote walikimbilia upande mmoja, ikapinduka. Kilichonizamisha si ziwa, ni mtu. Alinishika nywele, akanipanda mabegani ili avute pumzi, nami kule chini nikanywa maji yenye petroli. Simlaumu. Ningeyapata mabega yake, ningeyapanda. Zuhura hakupata mabega ya mtu yeyote. Alipatikana kesho yake amevimba, tukamtambua kwa hina ya miguuni.

Mimi nilivutwa na wavuvi, sina hata mchubuko. Matanga yalipokwisha ndipo mwili ulipoanza. Mikono ilitetemeka chai ikamwagika. Taya liliuma kwa kukaza meno. Maziwa yalikauka na mtoto bado ananyonya. Bodaboda ikipita na ile harufu ya petroli, mkojo ulinitoka nimesimama, mbele ya wateja. Kunawa uso kwenye beseni nilishindwa. Watoto wa mtaa wakaanza kuniita Jenereta, na mama zao wakacheka pamoja nao.

Daktari alinipima akasema, "Mama, vipimo vyote ni safi. Huumwi." Nikarudi nyumbani natetemeka vilevile, na sasa naonekana muongo.

Ndipo mama mkwe akaja. "Hofu huachwa palepale ilipookotwa," alisema. Akanipeleka ufukweni na shemeji zangu wawili, wakanishika shingo, wakanizamisha kichwa ziwani ili niirudishe. Idi alisimama pembeni ameshika kandambili zangu. Nilimng'ata shemeji mkono, nikatapika, nikajichafua. Mama mkwe alinitazama nilivyolala kwenye mchanga, akasema, "Mama Shabani, mikono hii itamwangusha mjukuu wangu. Ikitulia, uje umchukue."

Akaondoka naye kwenda Kagunga. Na Kagunga yetu mnaijua, watu wa huku tunafika huko kwa boti tu. Alijua anachokifanya.

Nilienda kwenye kituo cha afya Gungu kuomba dawa ya kulala nisiamke. Nesi akanipeleka kwa mshauri, Mrundi mmoja aliyekulia kambi ya wakimbizi, anaitwa Consolata. Nilitegemea anibembeleze. "Ihangane," alisema kwa lugha ya kwao, yaani vumilia, kisha akaniamuru nivue viatu.

"Kandamiza nyayo sakafuni. Sasa sukuma ukuta kwa mikono yote miwili, kama unamsukuma yule aliyekupanda."

Nilisukuma mpaka nikajamba. Hakucheka. Mikono ilipoanza kutetemeka nikaibana kwapani, kama nilivyozoea. Akaitoa.

"Usiizuie. Mwili ulitaka kupigana ukazuiwa. Uache umalize."

Alinifundisha kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko niliyovuta, kama mtu anayepuliza kaa asitake majivu yaruke. Alinifundisha kufumba mdomo na kuvumisha sauti mpaka kifua kingurume. Nilimchukia. Mara za kwanza nilizidi kuumwa. Nililia barabarani, nilimwota Zuhura akinishika mguu. Nilirudi tu kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kumfikia mwanangu. Miezi ikapita, taratibu taya likalegea. Baadaye nikatia vidole kwenye beseni, halafu viganja, halafu uso. Majirani walinisikia nikivuma uani wakasema sasa jenereta limetengenezwa.

Nikapanda boti. Nilivua viatu, nikakandamiza nyayo kwenye mbao, nikafumba mdomo nikavuma. Mwanaume mmoja alisema, "Huyu mama ana jini, asikae karibu na watoto." Petroli ilinuka, mkojo ukanitoka, nikaendelea kupuliza pumzi. Mbao zenyewe zilitetemeka kuliko mimi, na boti ilikuwa inakwenda.

Kagunga nilimkuta mama mkwe mlangoni. Shabani alijificha nyuma ya kitenge chake. "Bibi, nani huyu?" aliuliza. Nyie mliozaa mnajua kisu kilipoingia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mikono imetulia?"

Niliinyoosha mbele yake. Ilikuwa inatetemeka. Wala sikuibana.

"Haijatulia," nikamwambia, nikamchukua mwanangu hivyohivyo. Alilia, akanipiga usoni, akamwita bibi yake njia nzima mpaka kwenye boti. Lakini hakuanguka.

Namshukuru Mungu, na wale wavuvi. Namshukuru Consolata aliyekataa kunibembeleza. Na wewe unayejibana mikono kwapani watu wasione, usisubiri itulie ndipo uishi. Vua viatu, kandamiza chini, puliza polepole, halafu nenda ukachukue kilicho chako. Na mkimwona mtu anatetemeka, msimshike shingo.

Yangu bado huja, hasa ziwa likichafuka. Shabani sasa amekua kidogo. Huishika mikono yangu akaniuliza, "Mama, boti imewashwa?" Namwambia, ndiyo baba, imewashwa, wewe nishike tu, itazima yenyewe.