Vyoo Vyetu Kwenye Shamba la Jirani

Mkiniona madukani Ilford nimejifunika mtandio mpaka puani na jua linawaka, msidhani naumwa. Nawakwepa watu waliokuwepo kwenye ufunguzi wa kambi yetu, na waliokuwepo ni karibu Waswahili wote ninaowajua London, maana niliwaalika mwenyewe kwa mdomo wangu huu, nyumba kwa nyumba, kama vile naoza binti. Ngoja niwaeleze, ila msinionee huruma mapema.

Wazo la kambi lilikuwa la mume wangu, Baba Latifa. Anaendesha basi, na tangu tuhamie huku kutoka Tanga alikuwa akiota mahali ambapo familia zetu zingeweza kwenda wikiendi kupiga mahema, kupika kwa kuni bila king'ora cha moshi kulia, watoto wakapiga kelele bila jirani wa chini kugonga dari kwa ufagio. Tukajibana miaka na miaka (mimi natunza wazee kwenye nyumba moja kule Woolwich, zamu juu ya zamu, mgongo wangu ndio shahidi) mpaka tukapata kipande cha shamba pembezoni kabisa, ukishapita Romford, kwenye farasi na matope. Council, yaani halmashauri ya huku, wakatupa kibali cha mahema na jengo moja dogo la vyoo, mabafu na jiko.

Fundi hatukuhangaika kumtafuta, tulikuwa na Bosco. Bosco ni Mkongomani wa Bukavu, ndiye aliyetujengea jiko la nyumbani, na nusu ya watu wetu wanalala kwenye vyumba vya darini alivyovijenga yeye. Ni mtu ambaye unamwachia ufunguo wa nyumba, unakwenda zako Tanga, ukirudi unakuta kazi imekwisha na maua amekumwagilia. Baba Latifa alipolazwa kwa upasuaji, Bosco ndiye aliyekuwa akimpelekea uji hospitali kila akitoka kazini. Kwetu hakuwa fundi tu, alikuwa ndugu.

Sasa siku moja nipo saluni Woolwich, kichwa kimesukwa upande mmoja na upande wa pili kimesimama kama mtu aliyepigwa shoti, simu ikalia. Bosco.

"Mama Latifa, mupaka yetu inaishia wapi? Naona miti kule juu, lakini hapa chini naona na mutaro, umefunikwa na majani. Kuja na ile ramani, tuangalie wote kabla sijamwaga zege."

Fikirieni, kwenda kule kwa mtu kama mimi nisiyeendesha gari ni treni, basi, halafu kutembea kwenye matope, na kichwa kile! Halafu pale kwenye miti ndipo penye mandhari, ukisimama unaona maghorofa ya mjini yote kwa mbali. Nikamwambia, "Fundi, jenga tu mpaka kwenye miti."

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika."

Hakika hiyo niliitoa wapi, sijui mpaka leo. Ramani ilikuwa kwenye droo chini ya vitambaa vya meza, sikuwahi hata kuikunjua. Jioni Baba Latifa akaniuliza kama mipaka imeangaliwa, nikamjibu, "Si Bosco yupo? Unamjua Bosco." Akatulia, maana anamjua. Kwa hiyo mume wangu akaniamini mimi, mimi nikamwegemea Bosco, na Bosco, maskini, alikuwa ameniamini mimi.

Jengo likasimama. Jamani, lilikuwa zuri! Vigae vya buluu, masinki meupe, dirisha la jiko linatazama mjini. Nikatangaza ufunguzi.

Siku yenyewe ikawa na jua, na huku jua likitoka watu wote hutoka nalo. Pilau sufuria tatu, spika kubwa za kukodi, na msema chochote wetu Bwana Shaweji, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwatafsiria wagonjwa hospitalini. Bosco alikuja na suti rangi ya maziwa, mkewe na kitenge kipya, tukawakalisha mbele kabisa kwa sababu tulipanga kumshukuru hadharani.

Tunataka tu kukata utepe, nikamwona mzungu mmoja mzee anakuja kutoka kwenye ile miti, buti za mpira, fimbo, mbwa nyuma. Nikasema moyoni, huyu jirani, hii baraka. Nikamkimbilia. Akaanza, "Samahani, naomba kuongea na mwenye..." nikamwekea sahani mkononi. Akala kidogo, akaanza tena, nikamwongezea sambusa. (Binti yangu Latifa, aliyezaliwa hapahapa, alinivuta nguo akisema, "Mum, mwache aongee!" Nikamwambia mgeni kwetu hula kwanza.) Alipojaribu mara nyingine, nilikuwa nimeshamfikisha kwenye utepe na kumpa mkasi. Waingereza kukataa mbele ya watu hawawezi, akaukata. Vigelegele mpaka farasi wakakimbia!

Bwana Shaweji akamkabidhi maikrofoni, "Mzee wetu, jirani yetu, atupe neno," na akasimama pembeni yake kutafsiri kwa ajili ya wazee.

"Anasema anashukuru sana kwa chakula," Shaweji akatangaza. Makofi.

"Anasema jengo ni zuri, aliyelijenga ni fundi hasa." Makofi zaidi, Bosco akainuka nusu, mkono kifuani.

"Anasema..." Shaweji akakohoa. Akanitazama. Lakini mtu wa hospitali amefundishwa asiongeze wala asipunguze. "Anasema, isipokuwa limejengwa kwenye shamba lake."

Watu wachache wakapiga makofi, kwa mazoea tu. Mzee akaeleza kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionimaliza, kwamba alikuwa ng'ambo kwa mwanawe, amerudi juzi akakuta vigae, na kwamba mpaka si miti, mpaka ni mtaro. Akaunyooshea fimbo. Tukageuka wote tukautazama, mtaro mdogo uliofunikwa na majani, chini kabisa. Chetu kilichobaki upande wetu kilikuwa nyasi na gari la kubebea viti.

Baba Latifa akauliza kwa sauti ndogo, "Nani alihakikisha mpaka?"

Ile maikrofoni sijui ilifikaje mkononi mwangu. Nadhani mzee alinirudishia kwa adabu. Watu wote wananitazama, mashoga zangu, wazee wa msikiti, watu wa kazini, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe:

"Mimi nilijua Fundi ameshapima."

Ilitoka kwenye spika, ikaenda mpaka kwenye maegesho ya magari.

Bosco alinitazama. Nilikuwa nangoja aseme, "Mama, si wewe uliyeniambia?" na laiti angesema! Alifunga vifungo vya koti lake, akamshika mkewe mkono, wakateremka kwenye matope kuelekea kwenye gari lao, pindo la kitenge kipya likiburuta, na hakuna aliyewasindikiza. Hata mimi.

Yaliyofuata ni mepesi kusimulia na mazito kuishi. Mzee hakutaka kuuza wala kukodisha, pale ni pa farasi wake. Akatupa muda wa kubomoa. Aliyekuja kubomoa ni Bosco mwenyewe, bila kuitwa. Alikuwa anabandua kimoja kimoja vile vigae vya buluu visivunjike, anavipanga kwenye nyasi zetu. Nilimpelekea chai, akainywa amesimama, akaniambia "asante," basi. Siku nzima asante moja. Baba Latifa naye alikaa garini, uso kwenye usukani. Tangu hapo neno kambi halitamkwi nyumbani kwetu.

Lakini lililonivunja lilikuja baadaye, niliposikia kwamba familia iliyokuwa imempa Bosco kazi ya darini imemkatalia, na nyingine vilevile. "Yule fundi anayejenga kwenye mashamba ya watu," ndivyo wanavyomwita. Siku hiyo nilimwambia mume wangu ukweli wote wa saluni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda kwake."

Nikaenda. Mkewe akanifungulia, akanielekeza jikoni, Bosco yuko mezani. Nikalia, nikasema yote, nikaomba msamaha, nikashika mpaka miguu ya meza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Latifa," akasema, "ile siku ulinisema kwa spika. Leo musamaha unaniletea jikoni."

Nilitoka pale sina hata nguvu ya kupanda basi, nikatembea.

Kwa hiyo sasa ndiyo kazi yangu. Nikialikwa harusi, maulidi, mkutano wa kina mama, naomba maikrofoni, nasimama mbele ya watu, nasimulia haya niliyowasimulia. Latifa huona haya mpaka hutoka ukumbini. Kuna wanaocheka, kuna wanaoniambia yatosha. Bosco bado hapokei simu yangu, na sijui kama atapokea.

Nimeapa kwamba neno "nina hakika" halitatoka tena mdomoni mwangu juu ya kitu ambacho sijakiona kwa macho yangu. Nanyi mkikutana na mtu anatafuta fundi, msiogope kumtaja Bosco wa Bukavu. Alijenga pale alipoambiwa ajenge. Aliyemwambia ni mimi.